Ziba ufa wa choo na kisima kabla mvua haijafika

Ndugu msomaji, wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii tumeizoea mno. Tunaitumia katika siasa, katika ndoa na katika malezi ya watoto, lakini ufa wenyewe, ule ulioko katika sakafu ya choo, pembeni mwa kisima na chini ya mkeka sebuleni, tunaupita kila siku bila kuutazama. Katika makala hii tutazungumza juu ya ufa huo hasa: kwa nini ni suala la afya, unatokana na nini, na unazibwaje ili usirudi baada ya mvua moja.

Makala hii inawalenga zaidi ndugu zetu wa Mbinga na wa mwambao wa Ziwa Nyasa, yaani Mbamba Bay, Liuli, Lituhi na vijiji vilivyo kati yake, kwa sababu milima na ufukwe vina matatizo yanayotofautiana. Hata hivyo, msomaji wa mahali pengine atafaidika pia, kwani saruji ni ile ile na uchafu ni ule ule.

Kwa nini ufa ni suala la afya

Sakafu ya saruji ina sifa moja kubwa: inaoshwa ikatakata, kisha inakauka. Ikipata ufa au shimo, sifa hiyo imepotea. Maji machafu yanatuama ndani, udongo unajaa, na hata ukisugua kwa sabuni asubuhi na jioni, uchafu wa ndani haufikiwi na ufagio.

Chukua mfano wa safura. Mayai ya minyoo ya safura hutoka na kinyesi cha mgonjwa. Yakipata udongo wenye unyevu na kivuli huanguliwa, na viluwiluwi vyake hupenya ngozi ya mtu anayekanyaga pekupeku. Sasa fikiria ufa wa sakafu ya choo uliojaa udongo mbichi mwaka mzima. Pana unyevu, pana kivuli, na watoto wanapita hapo bila viatu.

Mfano wa pili ni papasi. Huyu ni kupe laini anayejificha mchana katika nyufa za sakafu na kuta, hasa za udongo, kisha hutoka usiku kufyonza damu ya waliolala. Ndiye anayeeneza homa ya papasi, homa inayomwachia mgonjwa siku chache kisha ikamrudia. Mwaka 1905 daktari Mjerumani Robert Koch alimchunguza mdudu huyu hapa hapa nchini, wakati huo ikiwa koloni la Wajerumani, na akagundua kwamba vijidudu vya homa hiyo hupita mpaka katika mayai ya papasi. Maana yake ni kwamba kizazi kipya cha papasi kinaweza kuzaliwa kikiwa tayari na ugonjwa. Ukiuacha ufa, unampa papasi nyumba ya kuzalia.

Mfano wa tatu ni mbu aina ya Culex, ambaye hupenda kuzaa katika maji machafu ya vyoo na makaro. Mbu huyu anaeneza matende na mabusha. Mwishoni mwa miaka ya 1980, huko Makunduchi, Unguja, watafiti walimwaga punje nyepesi za plastiki juu ya maji ya mashimo ya vyoo ili mbu wasipate mahali pa kutaga, huku wananchi wakipewa dawa. Mbu walipungua sana na maambukizi yakashuka. Funzo kwetu ni kwamba kila uwazi unaoingia katika shimo la choo, uwe tundu la bomba au ufa pembeni mwa slabu, ni njia ya mbu, nzi na mende. Wanaingia safi na kutoka wachafu, na kituo chao kinachofuata ni sahani yako.

Nchini Mexico, katika jimbo la Coahuila, serikali ilianza mwaka 2000 kuwawekea watu maskini sakafu za saruji badala ya za udongo. Watafiti walipopima matokeo, waliona kwamba pale ambapo sakafu yote ya udongo ilibadilishwa kuwa ya saruji, minyoo kwa watoto ilipungua kwa asilimia 78, kuharisha kwa asilimia 49 na upungufu wa damu kwa asilimia 81. Hiyo ndiyo faida ya sakafu nzima. Sakafu iliyochimbika na kurudi kuwa udongo nusu inapoteza faida hiyo kidogo kidogo.

Na kwa Muislamu lipo jambo jingine. Sisi tunastanji kwa maji, kwa hiyo sakafu zetu za choo zinalowa mara nyingi zaidi kwa siku. Ufa katika sakafu hiyo unapitisha maji kila wakati, na dimbwi lililotuama katika shimo dogo linarusha matone ya najisi kwenye kanzu, kwenye buibui na kwenye miguu ya anayekwenda kusali. Kwa hiyo anayeziba shimo la sakafu ya choo, au la mahali pa kutawadhia msikitini, ameshughulikia afya na twahara kwa mwiko mmoja.

Kilichotokea London mwaka 1854

Watu wengi wamesikia habari za daktari John Snow, aliyegundua kwamba kipindupindu cha mtaa wa Broad, London, kilitoka katika pampu moja ya maji. Zaidi ya watu 600 walikufa mwezi Agosti na Septemba mwaka 1854. Wasichosikia wengi ni jinsi kinyesi kilivyoingia katika kisima hicho. Mwaka 1855 mahali pale palipofukuliwa, ilionekana kwamba karo la nyumba jirani lilikuwa halifiki hata mita moja kutoka kisimani, na matofali yake yalikuwa yameoza na kuachana. Nepi za mtoto mchanga aliyeharisha hadi kufa zilifuliwa, maji yake yakamwagwa katika karo hilo, na kupitia nyufa yakafika kisimani.

Kumbe maafa yale yote yalipita katika ufa! Wala tusidhani hizi ni habari za zamani na za mbali. Kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 kilisambaa katika mikoa mingi ya nchi yetu na kuendelea hadi mwaka 2018. Malawi, tunayotazamana nayo ng'ambo ya ziwa, iliingiliwa na kipindupindu mwezi Machi 2022, na kabla hakijatulia mwaka 2023 kilikuwa kimeua watu zaidi ya 1,700.

Mlimani na ufukweni

Mbinga ni nchi ya milima. Wamatengo wanalijua tatizo la maji ya mteremko tangu enzi, ndiyo maana wakabuni kilimo cha ngoro, yale mashimo yanayopangwa mlimani ili maji ya mvua yatulie badala ya kukimbia na udongo. Nyumba na choo vinahitaji akili hiyo hiyo. Maji yakiachwa yateremke yakigonga msingi, yanakula udongo chini ya jamvi. Jamvi likibaki linaning'inia bila udongo chini yake, linapasuka. Hapo hata ukiziba ufa mara kumi hujafanya kitu, kwa sababu ugonjwa uko chini. Kwanza chimba mfereji upande wa juu wa nyumba au choo, uyapeleke maji pembeni, kisha shindilia udongo au mawe pale palipochimbika, ndipo uzibe.

Kule ufukweni hali ni tofauti. Ardhi ni ya mchanga na maji yako karibu. Mchanga unapitisha maji machafu upesi, na shimo la choo linaweza kukutana na maji ya chini ya ardhi kabla halijafika kina cha maana. Huko, choo hujengwa kwa kuinuliwa juu ya usawa wa ardhi, na kuta za tuta hilo zikipata ufa, kinyesi kinavuja nje waziwazi kuelekea ziwani, ambako watu wanachota maji, wanaoga na kuosha vyombo. Kwa hiyo mtu wa Mbamba Bay asitazame sakafu peke yake, azunguke na nje ya choo chake.

Zege linapasuka kwa nini?

Sababu kubwa ya kwanza ni maji mengi wakati wa kuchanganya. Mafundi wengi hupenda zege la uji kwa sababu linamwagika bila jasho. Lakini saruji inahitaji maji kidogo tu ili ishike. Yale ya ziada hukauka na kuacha vitundu na nyufa. Kwa mfuko wa kilo 50, maji yasizidi lita 25, na yapungue zaidi kama mchanga umelowa.

Sababu ya pili ni kutomwagilia. Saruji haishiki kwa kukauka, kama wengi wanavyodhani. Inashika kwa kukaa na maji. Zege lililoachwa juani siku ile ile linakuwa dhaifu juu, likikwanguliwa linatoa vumbi. Linahitaji kunyweshwa siku 7 kwa uchache, na nguvu yake huhesabiwa kuwa imekamilika baada ya siku 28.

Sababu ya tatu ni kutu ya nondo. Maji yakipenya kufika kwenye nondo, kutu huanza, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe. Inasukuma zege kwa ndani hadi linabanduka vipande. Ukiona mistari ya rangi ya kahawia kwenye slabu, jua kutu imeshaingia.

Sababu ya nne iko chini ya slabu, mahali usipopaona. Hewa inayotoka katika maji taka, ile yenye harufu ya yai viza, hugeuzwa na bakteria kuwa asidi kwenye unyevu ulioganda chini ya kifuniko cha karo. Asidi hiyo inaila saruji taratibu. Ndiyo maana kifuniko kinaweza kuonekana kizima kwa juu, kumbe chini kimebaki kokoto na nondo. Wenye mitambo ya kumenya na kuosha kahawa wa Mbinga wanaujua uharibifu wa namna hii: maji ya kahawa iliyochachuka ni makali, na mahodhi ya saruji yanayoyapokea huchubuka sakafu na kuta mwaka hadi mwaka.

Utambue ufa wako kabla ya kuutibu

Ufa si mmoja. Upo ufa uliokwisha kusimama na upo ufa unaotembea. Kuujua, chora kwa penseli mstari mfupi mahali ufa unapoishia, pande zote mbili, uandike tarehe. Pima pia upana wake katikati. Rudia baada ya wiki kadhaa, hasa mvua ikiwa imenyesha. Ukikuta umevuka alama au umepanuka, ufa huo unatembea, na sababu yake ni udongo au msingi. Mwite fundi mwashi anayeaminika autazame chanzo kwanza.

Kisha gonga sakafu kwa jiwe dogo au mpini wa nyundo, ukisikiliza. Sehemu nzima inalia kavu na nzito. Sehemu iliyoachana na jamvi inalia wazi kama debe tupu. Ichore kwa mkaa sehemu yote inayolia wazi, kwa sababu yote itabidi itolewe, hata kama juu inaonekana nzuri.

Nyufa nyembamba kama unywele, zisizotembea, hazihitaji kuchimbwa. Sugua kwa brashi ya waya, osha, acha pakiwa na unyevu, kisha paka uji mzito wa saruji na kuusugua uingie ndani, mara mbili. Nyufa pana na mashimo ndiyo yanayohitaji kazi ifuatayo.

Vifaa na mchanganyiko

Unahitaji nyundo, tindo, brashi ya waya, mwiko, ndoo, chekeche na magunia ya kufunikia. Saruji iwe mpya. Iliyokaa stoo zaidi ya miezi 3, au yenye mabonge yasiyovunjika kwa vidole, usiitumie kwenye choo wala kisima.

Mchanga ndio unaowaangusha wengi. Ndugu wa mwambao wana bahati moja: Ziwa Nyasa ni maji baridi, kwa hiyo mchanga wake hauna chumvi ya kuozesha nondo kama ule wa baharini. Lakini mchanga wa ufukweni mara nyingi ni laini mno, nao huchanganyika na majani yaliyooza na makombe. Ule wa mitoni huko Mbinga unaweza kuwa na udongo mwekundu. Upime hivi: tia mchanga katika chupa nyeupe hadi kina cha sentimita 5, jaza maji, tia chumvi kidogo, tikisa sana, kisha acha saa 3. Udongo utakaa juu ya mchanga kama utando. Utando huo ukizidi milimita 3 au 4, oshe mchanga wako kwanza.

Kwa shimo la kina kisichofika sentimita 5, changanya kopo 1 la saruji kwa makopo 3 ya mchanga. Kwa shimo la kina zaidi, tumia saruji 1, mchanga 2 na kokoto ndogo 3, ukubwa wa punje za mahindi. Changanya vikiwa vikavu mpaka rangi iwe moja, ndipo utie maji kidogo kidogo. Ukifinyanga tonge mkononi, lisimame bila kutiririsha maji na bila kuvunjika. Changanya kiasi cha kumalizika ndani ya saa moja. Ulioanza kushika usiongezewe maji ili kuufufua.

Hatua za kuziba

Kwanza, chonga. Usipake saruji juu ya ufa kama siagi juu ya mkate, itabanduka. Panua ufa kwa tindo hadi upate mfereji wa kina cha sentimita 2 au zaidi, kingo zake ziwe wima, na bora zaidi chini pawe papana kidogo kuliko juu, ili kiraka kijifunge chenyewe. Kwa shimo, toa kila kilicholegea mpaka ufike kwenye zege gumu.

Pili, safisha. Ondoa vumbi, mafuta, sabuni na ukungu kwa brashi na maji. Chooni, mwaga dawa ya klorini kwanza, iache, kisha suuza sana kabla ya kuanza kazi. Kamwe usichanganye dawa ya klorini na asidi ya kusafishia choo, hutoa hewa ya sumu.

Tatu, lowesha. Zege la zamani lina kiu. Ukiweka saruji mpya juu ya zege kavu, linafyonza maji yake yote na kiraka hakishiki. Mwagilia jioni, na tena asubuhi, kisha futa maji yaliyotuama. Uso uwe na unyevu lakini usiwe na dimbwi.

Nne, paka uji wa saruji ndani ya shimo kwa brashi, na kabla haujakauka, jaza mchanganyiko wako ukiushindilia kwa mpini wa nyundo hadi pembeni kabisa. Shimo refu lijazwe kwa matabaka. Sawazisha kwa ubao, uache mwinamo kidogo kuelekea kwenye tundu au mfereji ili maji yasituame, kisha piga niru pakianza kukaza. Sakafu ya choo isiwe na utelezi wa kumwangusha mzee, iwe laini ya kufagilika tu.

Tano, na hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi, funika kwa magunia yaliyolowa na uyanyweshe siku 7. Kule ufukweni kwenye jua kali, fanya kazi jioni na unyweshe mara tatu au nne kwa siku. Kule Mbinga mwezi Juni na Julai baridi huchelewesha saruji kushika, kwa hiyo ongeza siku kabla ya kuanza kupatumia. Familia ipange mapema itatumia choo cha nani siku hizo. Kumwomba jirani kwa wiki moja si aibu.

Slabu isiyozibwa

Ndugu msomaji, hapa pana suala la uhai. Ziko slabu za choo ambazo kuzipaka saruji ni kumfichia mtu kaburi. Dalili zake ni hizi: ufa unaotoka kwenye tundu kwenda hadi ukingoni, slabu iliyobonyea katikati, nondo zilizo wazi na zenye kutu, udongo uliobomoka chini ya ukingo wake, au mtikisiko mtu anapokanyaga. Ukiona hata moja, funga choo hicho siku hiyo hiyo, zuia njia kwa miti, waonye watoto, na usipande juu yake kujaribu. Kiraka kinaongeza uzito tu, nguvu hakiongezi.

Slabu mpya si mlima. Kwa shimo la upana wa kawaida wa mita moja, zege la unene wa sentimita 8, mchanganyiko wa saruji 1, mchanga 2 na kokoto 3, na nondo za milimita 8 zilizosukwa kila baada ya sentimita 15, linatosha. Nondo zikae chini, sentimita 2 na nusu kutoka upande wa chini wa slabu, si katikati wala juu, kwa sababu slabu ikielemewa inachanika kuanzia chini. Isimwagwe juu ya shimo. Imwagwe pembeni juu ya mchanga uliosawazishwa, inyweshwe siku 7 au zaidi, ndipo watu wengi waibebe kuipeleka mahali pake. Majirani zetu wa Msumbiji mwishoni mwa miaka ya 1970 walibuni slabu ya mviringo yenye umbo la kuba, isiyohitaji nondo kabisa kwa sababu umbo lenyewe linabeba uzito, na ilienea katika nchi nyingi. Fundi aliyewahi kuifanya anaweza kukupunguzia gharama, lakini asiyeijua asijaribie kwenye choo chako.

Usiingie ndani ya shimo la choo au karo kutazama slabu kwa chini, hata kama limekaa muda mrefu bila kutumika. Hewa yake inaua mtu kwa dakika chache, na anayemfuata kumwokoa naye hufa. Wala usimulike kwa moto. Tumia tochi ukiwa nje.

Kisima na tangi

Jukwaa la saruji linalozunguka kisima kazi yake ni kuzuia maji yaliyomwagika, yenye matope ya miguu na kinyesi cha mbuzi, yasirudi kisimani. Lienee mita moja au zaidi kila upande, likiinama kwenda nje, na mfereji uyapeleke maji mbali. Angalia hasa pale jukwaa linapokutana na ukuta wa kisima au bomba la pampu, kwani ndipo nyufa huanzia na ndipo zinapodhuru zaidi. Aidha, choo kiwe umbali wa mita 30 au zaidi kutoka kisimani, na kwenye mteremko kisima kiwe upande wa juu.

Tangi la maji ya mvua au hodhi la msikiti linalovuja, lizibwe kwa ndani, mahali maji yanaposukuma. Likaushwe, lisuguliwe, lizibwe kwa hatua zile zile tano, kisha lipakwe uji wa saruji ukuta mzima. Baada ya siku 7 za kunyweshwa, lijazwe maji, yakae siku moja au mbili, kisha yamwagwe yote, kwa sababu saruji mpya inayafanya maji kuwa makali. Halafu muulizeni bwana afya kipimo cha klorini cha kutibu tangi la ukubwa huo kabla halijaanza kutumika.

Jikinge wewe mwenyewe

Saruji mbichi inaunguza ngozi bila kukuonya, maumivu huja baadaye. Vaa glavu na viatu vya mpira, na usipige magoti juu yake. Ikiingia jichoni, osha kwa maji safi mengi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha nenda zahanati. Wakati wa kuchonga, vaa miwani na ufunike pua na mdomo, kwa sababu vumbi lake linaharibu mapafu. Watoto wasichezee mchanganyiko.

Kazi ianze lini?

Mwaka 1973 nchi hii iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, wananchi wakakaa katika vikundi kusikiliza redio na kisha kuchimba vyoo. Mwaka 2017 ikaja kampeni ya Nyumba ni Choo. Kampeni hizo zimetusaidia kuvijenga vyoo hivyo, matunzo yake yanabaki juu yetu wenyewe.

Mvua za Ruvuma huanza Novemba. Miezi mikavu ya nyuma yake, Juni hadi Oktoba, ndiyo ya kuziba: maji ya chini yameshuka, sakafu zinakauka, na kwa mkulima wa Mbinga ndiyo miezi ambayo kahawa inamwingizia chochote. Kabla hajanunua kitu kingine, atenge mfuko mmoja wa saruji. Kamati za misikiti nazo zifanye hivyo kwa mahali pa kutawadhia na vyoo vyake, kwani hapo wanapita watu wengi kuliko nyumba yoyote ya mtaani.

Leo jioni chukua mkaa na tochi. Zunguka choo chako, ndani na nje, nenda kisimani, inua mikeka. Kila ufa utakaouona uwekee alama na tarehe. Penye hatari, funga leo. Pengine pote, panga siku na fundi.

Tukutane toleo lijalo, insha Allah.